Lesi, Kioo na Moshi wa Udi

Posa ya Makame ilikuwa imeshafika Tanga, kwa mama yake Zuleikha, ndipo Zuleikha akakuta simu ya bwana huyo imejaa wanawake wa Kizungu nusu uchi.

Zuleikha alikuwa fundi cherehani hapo Al Sadd, Doha. Makame, Mzanzibari, alikuwa mpiga picha wa studio ya jirani. Walijuana mwaka 2011 kwenye lifti iliyojaa watu, pale Makame alipompokea majora ya hariri bila kuombwa. Siku hiyo Makame alipiga simu asubuhi nzima. Mwishowe Zuleikha akapokea.

“Unataka nini?”

“Kukueleza, habibti. Zile picha za filamu za zamani za Kiitaliano.”

“Za uchi.”

“Za mapenzi. Uchi umo, sikatai. Mimi najifunza taa.”

“Taa iko mapajani?”

Makame akacheka, akajuta. “Nakuja dukani. Usiporidhika, mwambie mama arudishe posa.”

Alikuja wakati duka limefungwa kwa mapumziko ya mchana. Akamwonyesha picha moja moja, kila mwanamke akimfunika kwa kidole gumba. Kikabaki chumba: pazia la lesi, mwanga wa rangi ya asali ukichujika matunduni, kioo cha fremu ya dhahabu kikionyesha mlango wa nyuma, moshi wa sigara, kofia pana ya kizamani juu ya kiti cha mahameli nyekundu. Zuleikha, mtu wa vitambaa, akasogea karibu.

“Na ukiondoa kidole?”

“Namwona na yeye. Mimi si ukuta, bibi wee.”

Jibu hilo lilimtuliza kuliko kiapo.

“Basi nipige mimi hivyo. Na nguo zangu.”

Wakatundika lesi dirishani. Zuleikha, ndani ya gauni la hariri ya kijani, akaketi mbele ya kioo cha wateja, mgongo kwa kamera, akateremsha mtandio hadi shingo ikaonekana.

“Moshi hatuna,” Makame akanung'unika.

“Umekulia Unguja hujui udi?”

Zuleikha akafukiza kwenye chetezo. Udi ukapanda darini, king'ora cha moto kikalia jengo zima. Zuleikha aliruka, akakigonga chetezo, kikaangukia pindo la lesi. Makame alikuwa ameshabonyeza.

“Imetoka?”

“Imetoka. Posa je?”

“Mama akae nayo.”

Hasara ilikuwa hivi: mita nne za lesi ziliungua, chetezo kilivunjika, na tajiri mwenye duka alimkata Zuleikha mapumziko ya Ijumaa mbili. Picha ilipatikana moja. Ipo chumbani kwao mpaka leo, na mama hajaonyeshwa.