Fomu ya Kujitoa

Benchi la kliniki ya sheria lilikuwa limejaa asubuhi ile, watu wamebanana na bahasha zao mapajani, mwanafunzi mrefu alipopita mbiombio na kifungo cha shati lake kikadondoka miguuni pa fundi cherehani. Fundi alikiokota. Sindano haikosi ukosini mwa gauni lake la kijivu. Akamshonea palepale, akijichoma kidole bila kushtuka. Tangu baba yake azikwe, alikuwa amekufa ganzi.

"Damu hiyo, dada."

"Naiona."

Ikawa mwanafunzi huyo ndiye aliyepewa jalada la fundi. Pale chuo kiliwaleta wanafunzi wa mwaka wa mwisho kuwasaidia bure wasiomudu wakili, chini ya macho ya mwalimu wao. Shauri lilikuwa moja: baba mdogo alitaka kuuza nyumba ya marehemu, fundi na mama yake watoke. Mwanafunzi alimpigia kila jioni kuuliza tarehe, kisha hati, kisha amekula nini. Alimwita Bi Sindano. Naye akamwita Wakili Mtarajiwa, mpaka siku ulimi ulipomteleza akamwita mpenzi.

Kesho yake simu haikulia. Wala keshokutwa. Siku ya tatu karani wa kliniki alimwambia, macho yakiwa kwenye karatasi, kwamba mwanafunzi wake amejitoa, atapewa mwingine. Fundi aliitikia, akarudi kushona sare za shule. Mama alipouliza yule kijana yuko wapi, alijibu kuwa amewachoka.

Siku ya hukumu, hakimu alisema nyumba haiuzwi. Mama aliketi chini, akalia kwa furaha. Fundi alisikia kama habari za jirani.

Nje, kwenye ngazi za mahakama, mwanafunzi alikuwa anangoja, na shati lilelile.

"Ulinikimbia," fundi alisema.

"Nilikimbia jalada. Ukimpenda mteja, kanuni ya kliniki inataka umpishe mwenzio, na humpigii mpaka shauri liishe. Sikuambiwa kwamba karani husoma mstari wa kwanza tu wa fomu ya kujitoa."

Akampa nakala ya fomu hiyo. Kwenye nafasi ya sababu alikuwa ameandika: *Nimempenda. Siwezi tena kumshauri kama mtu baki.*

Fundi alisoma mara mbili.

"Mwalimu wako ameiona hii?"

"Ameigongea muhuri. Kasema sababu inatosha."

"Na sasa?"

"Jalada limefungwa. Naomba kuja kwa mama, nijieleze kama mtu anayetaka kuoa."

Fundi aliona kifungo kile kinaning'inia, akachomoa sindano ukosini, akaanza kukikaza. Katikati ya mshono sindano ilimchoma kidole.

"Imeuma," alisema, akitazama kidole chake kwa mshangao.

"Pole, mpenzi. Niletee nione."

"Iache iume." Alikata uzi kwa meno. "Jumapili. Na uje na shati jingine, mama asidhani naolewa na kifungo."