Mhanna Aliuliza Kama Nipo

Zamu yetu ya maji ilikuwa Jumatatu jioni, jua linapogusa mgongo wa mlima. Kazi yangu ilikuwa nyepesi: kupanda hadi penye mgawanyo, kuondoa jiwe na matambara upande wa shamba letu, kungoja maji yafike kwenye mtende wa kwanza, kisha kurudi nyumbani. Dakika ishirini kwenda, kumi na tano kurudi. Niliifanya tangu nikiwa na miaka tisa na sikuwahi kuogopa, kwa sababu sikuwahi kwenda peke yangu. Mhanna, mtoto wa jirani yetu Bi Rayya, alikuwa na zamu baada yangu. Tulipanda pamoja, tukarudi pamoja.

Falaji yetu, mfereji wa kale wa maji ya mashamba, inatoka mlimani ikipita chini ya ardhi, na kila baada ya hatua hamsini kuna shimo la kushukia wasafishaji. Wana sharti moja. Aliyeshuka huuliza, "Upo?" Aliyebaki juu hujibu, "Nipo." Hivyo hivyo mpaka kazi iishe. Mle ndani kona zote zinafanana, na taa ikizimika ni sauti ya juu tu inayokuonyesha shimo liko upande gani.

Aliyebaki juu haondoki. Wala hanyamazi.

Jumatatu ile nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mkononi nilikuwa na kurunzi ya baba niliyoichukua bila kuomba. Nilimulika shimo la nne, lililo karibu na mgawanyo, nikijifanya mkubwa. Ikaniponyoka.

"Leo unachunwa ngozi," Mhanna alisema kwa sauti ya mafua, huku tayari anavua kanzu. "Au unashuka mwenyewe?"

"Siwezi."

"Najua huwezi. Kaa hapo ujibu. Sauti yako kama mbuzi aliyebanwa na mlango, lakini angalau naitambua."

Alishuka akikanyaga vishimo vya ukutani. Nikasikia miguu yake ikiingia majini.

"Zahir, upo?"

"Nipo."

"Imesukumwa mbele na maji. Naiona inavyowaka. Upo?"

"Nipo."

Ndipo nikasikia mtu anakohoa njiani. Kikohozi cha baba.

Nililala nyuma ya ukuta wa shamba, nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Baba alisimama penye mgawanyo, akayatazama maji, akainama kurekebisha jiwe. Alikuwa mzito wa masikio. Mimi nilisikia.

Zahir, upo?

Baba alinawa uso. Akanawa miguu.

Zahir... upo?

Sauti ilikuwa mbali zaidi. Ilikuwa inakwenda upande usio wa shimo.

Alipoondoka nilirudi mbio, nikainama shimoni. "Nipo," nilisema. "Mhanna, nipo."

Maji tu.

Wanaume walitafuta siku mbili kwa taa za karabai. Walipata kurunzi ikiwa imesimamishwa juu ya jiwe kavu, imezimwa. Mhanna hawakumpata. Waliponiuliza, nilisema nilimjibu kila mara.

Kwetu mtu akipotea bila maiti hawasemi amekufa. Wanasema wachawi wamemficha, anatumikishwa mahali, anatuona na hatumwoni. Shuleni hakuna aliyetaka tena kukaa karibu nami, wakiogopa wachawi wananifuata. Nilikula tende zangu peke yangu nyuma ya tangi la maji.

Jumatatu iliyofuata nilipanda peke yangu. Niliondoa jiwe. Upepo ulikuwa umetulia. Kutoka shimo la nne ikaja harufu ya udongo mbichi, na ndani yake harufu ya mafuta ya habasoda, yale ambayo Bi Rayya alimpaka mwanawe kichwani kila Ijumaa.

Kisha, taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua...

"Zahir, upo?"

Nilikimbia bila viatu.

Nilipomwambia baba nilichosikia, alinishika mabega. "Aliyefichwa haitikiwi," alininong'oneza. "Ukimwitikia, unakwenda aliko. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Kwa miaka mitatu, kila Jumatatu, niliitwa na sikuitika. Nilihesabu: mara tatu, halafu kimya. Nikishuka nilimkuta Bi Rayya ameketi ukingoni mwa mfereji, kanzu ya Mhanna imekunjwa magotini.

"Umesikia chochote, mwanangu?"

"Sijasikia, Bi Rayya."

Nilipofika miaka kumi na mitano baba aliamua nikasome Maskati. Jumatatu ya mwisho Bi Rayya hakuniuliza nilichosikia. Alinizuia nikiwa bado napanda.

"Mganga ameniambia mama hawezi kumtoa," alisema. "Anatoka kwa sauti ya yule aliyebaki juu."

Maneno yalinitoka kabla sijayapanga. "Sikumjibu, Bi Rayya. Siku ile. Baba alipita, nikajificha."

Aliiangalia kanzu. Akanyoosha kola kwa kidole gumba.

"Najua," alisema. "Ungejibu angetoka. Basi mjibu leo."

Nilikwenda. Nilipiga magoti kwenye ukingo wa shimo la nne, udongo ukiwa bado na joto la mchana. Harufu ikapanda. Udongo mbichi. Habasoda.

"Zahir, upo?"

Sauti yake ilikuwa bado ya miaka kumi na mitatu, kama siku aliyoshuka. Hata mafua aliyokuwa nayo siku ile hayakuwa yamepona.

"Nipo," nilisema.

Maji yakaacha kupiga kelele. Sijui namna nyingine ya kulieleza jambo hilo. Maji yalikuwa yanakwenda, na hayakusikika.

"Nani huyo?"

"Mimi. Zahir. Njoo huku, fuata sauti yangu."

Alijibu kwa adabu, kama tulivyofundishwa kuwajibu wakubwa.

"Hapana, ami. Zahir ana sauti ya mbuzi. Ukimwona mwambie kurunzi nimeipata. Asiondoke."

Nilibana koo. Nikajaribu tena, nyembamba, kama zamani. Nikajaribu mpaka machozi yakanitoka. Kilichotoka kilikuwa sauti ya baba yangu.

Chini, miguu ikaanza kutembea majini. Ilikuwa inakwenda upande usio wa shimo.

Bi Rayya alikuwa amesimama penye mgawanyo, kanzu ameikunjua, ameishika kwa mikono miwili kama unavyomngoja mtoto atoke kuoga.

"Anakuja?"

"Anakuja," nilisema.

Asubuhi yake niliondoka. Nasikia Bi Rayya bado hukaa pale kila Jumatatu.