Sifa ya Kuazima

Kila asubuhi Romana alifagia uwanja, akachota maji ndoo mbili, akala kiporo cha wali alichowekewa na mama yake, kisha akashika njia ya kutoka Nsemulwa kwenda shule, daftari mkononi na jembe begani. Mwaka ule wa 1976 kila mwanafunzi wa darasa la tano alikuwa na tuta lake la karanga kwenye shamba la shule, na tuta la Romana lilikuwa safi kuliko yote. Kwa jembe hakuwa na mpinzani. Kwa Kiingereza, hata yeye mwenyewe alijicheka.

Jumatatu hiyo Mwalimu Makarius aliandika ubaoni sentensi kumi za Kiingereza.

"Jina ni neno linalotaja mtu, mnyama, mahali au kitu," alisema. "Sifa ni neno linaloeleza kitu hicho kikoje. Pigeni mstari mmoja chini ya jina na miwili chini ya sifa. Kila mtu na akili yake!"

Romana alizitazama zile sentensi, nazo zikamtazama. Wiki iliyopita, somo hilo lilipofundishwa, yeye alikuwa akichora ng'ombe kwenye kurasa za mwisho za daftari. Sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni. Pembeni yake alikaa Lusia, rafiki yake tangu darasa la kwanza, akipiga mistari bila kusita. Jicho la Romana likateleza kidogo. Likateleza tena. Kengele ilipolia, lilikuwa limeteleza mara kumi.

Romana akapata kumi kwa kumi.

"Lusia naye kapata zote, lakini Lusia tumemzoea," alisema Mwalimu Makarius, uso umemchangamka. "Huyu Romana mwezi uliopita alipata mbili! Ijumaa mkaguzi wa shule anakuja, na atakayesimama ubaoni mbele yake ni Romana. Nataka aone jinsi darasa hili linavyosonga mbele."

Darasa zima likapiga makofi. Lusia alipiga mawili tu, kisha akajifanya anatafuta kalamu chini ya dawati.

Habari njema hazina miguu, ila hukimbia. Romana alipofika mtaa wa Kashaulili mchana ule, baba yake mdogo, Anselmo, alikuwa ameshazipata. Anselmo alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka moja, na kila baada ya shule Romana alikwenda kumsaidia kushona vifungo.

"Simama nikupime!" alisema baba mdogo, akivuta utepe wake shingoni. "Husimami mbele ya mkaguzi na sketi yenye kiraka nyuma. Nakushonea mpya ya bluu."

Romana alisimama akapimwa, na kila utepe ulipomgusa alijiona mwizi.

Kesho yake, Jumanne, aliwahi barazani akafungua kitabu. Akachagua sentensi moja fupi: "The man has a white shirt." Maneno yenyewe aliyajua, mwanamume huyo ana shati jeupe. Sasa lipi jina, lipi sifa? Kwa Kiswahili tunasema shati jeupe, jina hutangulia, sifa hufuata. Basi akapiga mstari mmoja chini ya *white*, miwili chini ya *shirt*, akatabasamu. Lakini alipoangalia zoezi lake la Jumatatu, kwenye *red dress*, yaani gauni jekundu, mistari miwili ilikuwa chini ya *red*, na tiki nyekundu pembeni. Mambo yalikuwa kinyume kabisa. Romana akatupa kalamu, machozi yakamlenga.

Baba mdogo akasimamisha cherehani. "Mimi Kiingereza sikijui hata cha kuombea maji. Hebu nitafsirie hicho kinachokuliza."

"*White* ni eupe, baba mdogo."

"Eupe?"

"Ndivyo alivyosema mwalimu. Eupe, mbele yake anaweka kistari."

"Eupe!" Baba mdogo akacheka mpaka akashika mbavu. "Hiyo nguo haijashonwa bado, mwanangu. Mteja wangu akitaka shati la rangi hiyo, anasemaje?"

"Shati jeupe."

"Akitaka kitambaa?"

"Kitambaa cheupe."

"Na nguo? Na mtu?"

"Nguo nyeupe. Mtu mweupe." Romana akaruka kutoka kwenye benchi. "Baba mdogo! Eupe haina nguo yake! Inaazima kwa jina. Ikikaa na shati inavaa vingine, ikikaa na kitambaa inavaa vingine. Lakini shati ni shati tu, haliazimi kwa mtu!"

Akajaribu *big*, akajaribu *long*, akajaribu *bad*. Kubwa, refu, baya, zote ziliazima nguo. Alicheka mwenyewe kwa furaha. Kisha akafika kwenye *clean*, yaani safi. Shati safi, kitambaa safi, mtu safi. Safi iligoma kabisa kubadili nguo.

"Hapo uzi wangu umeisha," alisema baba mdogo. "Rudia ulivyofanya Jumatatu ukapata kumi."

Romana akainamisha kichwa. "Ile kumi si yangu. Nilimwangalizia Lusia."

Baba mdogo hakugomba. Alikikunja kile kitambaa cha bluu polepole, akakirudisha kwenye rafu. Romana aliona afadhali angegombezwa. "Basi sketi itasubiri," alisema baba mdogo. "Nenda kwa mwenye kumi."

Lusia alikuwa nyumbani kwao, amekaa kwenye mkeka akifukuza kuku wasile mpunga ulioanikwa.

"Leo umekuja kuazima nini?" aliuliza bila kuinua kichwa.

Kumbe alijua! Romana akahisi uso unamchoma. "Nimekuja kuomba radhi. Nilikuibia."

"Nilikuona. Nilitaka kumwambia mwalimu, nikakuonea huruma, halafu nikakasirika siku mbili." Lusia akamtazama sasa. "Utamwambia?"

"Kesho asubuhi."

Lusia akasogea, akamwachia nafasi kwenye mkeka. Aliposimuliwa habari ya nguo za kuazima, alicheka sana. "Hiyo mimi nilikuwa siijui! Mimi nauliza tu swali. Shati gani? Safi. Neno linalojibu 'gani', hilo ndilo sifa." Wakafanya sentensi nyingi mpaka mama yake Lusia akaja kuwapigia kelele kuku waliokwisha kujikaribisha kwenye mpunga.

Jumatano Romana alisema kweli yote mbele ya meza ya mwalimu. Mwalimu Makarius akachukua kalamu nyekundu, akaikata ile kumi, akaandika sifuri.

"Hii inabaki daftarini," alisema. "Na Ijumaa utasimama vilevile. Ukianguka, uanguke kwa akili yako mwenyewe."

Ijumaa mkaguzi akafika, mzee mnene mwenye miwani. Hakuchukua sentensi ya kitabuni, alitunga yake: "The poor farmer has a fat cow."

Romana akasimama ubaoni, kiraka chake nyuma. *Farmer* ni mkulima, *cow* ni ng'ombe. Akapiga mstari mmojammoja. *Fat* ni nono. Ng'ombe mmoja mnono, wengi wanono; imebadili nguo hiyo! Akapiga miwili. Ikabaki *poor*, maskini. Mkulima maskini, wakulima maskini. Ilikuwa kaidi kama safi.

"Mkulima gani?" alijiuliza kwa sauti ndogo. "Maskini." Akapiga mistari miwili.

"Sawasawa!" alisema mkaguzi. "Umejuaje?"

"Sifa huazima nguo kwa jina, bwana mkaguzi. Zile kaidi zisizoazima, naziuliza gani."

Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani. "Nani kakufundisha hayo?"

"Mwalimu wetu alifundisha, mimi nikawa nachora ng'ombe. Walioniokoa ni baba mdogo, fundi cherehani, na Lusia huyu hapa."

Safari hii Lusia alipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Mgeni alipoondoka, Mwalimu Makarius alimwita Romana. "Jumatatu ulichukua sifa ya Lusia ukaivisha jina lako," alimwambia. "Leo sifa imekaa na jina lake."

Barazani Kashaulili, baba mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono nyuma ya cherehani, akatoa sketi ya bluu. Ilikuwa imekamilika, isipokuwa upindo.

"Nguo ya kuazima haisitiri maungo, mwanangu, na akili ya kuazima ni hivyohivyo," alisema. "Hii ni yako. Upindo nimekuachia, umalize kwa mkono wako."

Romana akakaa kwenye benchi, akachukua sindano. Uzi ulikataa kuingia mara mbili. Mara ya tatu ukaingia.