Aliyeitikia Marahaba

Kiti kilikuwa cha moto. Rahabu aliinuka mara tu alipokikalia, akakigusa kwa kiganja, akaangalia nyuma yake. Ilikuwa Julai, na baridi ya Julai ya Lushoto haihitaji maelezo. Ukungu ulikuwa umelala mpaka dirishani, na mlinzi ndiyo kwanza alikuwa amemfungulia mlango wa maktaba. Hakuna aliyemtangulia. Halafu chumba chenyewe, kile kidogo cha kusomea cha mwisho kabisa, chenye kuta za mawe za zamani, kilinuka utambi wa mshumaa uliozimwa sasa hivi. Umeme ulikuwepo, taa zilikuwa zinawaka, na mshumaa haukuwepo.

Mtu mwingine angetoka. Lakini Rahabu alikuwa na hofu nyingine, kubwa zaidi, nayo ndiyo iliyomkalisha tena kwenye kile kiti. Alikuwa anaogopa kudisko, kufeli mpaka afukuzwe chuo.

Tumwelewe kwanza kabla ya kumlaumu. Huyu ni binti wa kijijini Zirai, kitindamimba wa mzee Sefania mkulima wa iliki. Kasoma shule ya kata ambayo mwalimu wa hesabu alikuja akipenda. Akachaguliwa kusoma sheria chuo kikuu, kanisani wakamsimamisha mbele, mchungaji akamwekea mikono kichwani, baba yake akatembea nyumba kwa nyumba akijifanya anaomba moto wa kiberiti, kumbe anataka aulizwe habari za mtoto. Kisha akafika darasani. Akakaa na wasichana waliotoka shule za Kifungilo na Dar es Salaam, Kiingereza kinawatoka kama wanatafuna karanga, naye hata kuomba ruhusa ya kwenda msalani ilibidi aipange sentensi kichwani. Siku ya seminari, mhadhiri wao Daktari Stephano alimwuliza swali moja, Rahabu akasimama. Akasimama tu. Nyuma mtu akasema, "Kilaza huyo," wala si kwa sauti kubwa, na darasa likacheka kile kicheko cha kujizuia, ambacho kinauma kuliko cha wazi.

"Walikosea," alimwambia Mwanaisha siku ile bwenini. Mwanaisha ndiye aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja, binti wa Tanga mjini, mdomo wake haujui kupumzika.

"Walikosea nini?"

"Kunichagua. Yupo Rahabu mwingine huko, mwenye akili zake. Majina yamechanganyika. Siku moja watagundua, waje wanitoe."

"Wewe nawe. Umeona wapi watu wanakosea kwa kukupa? Hapa duniani wanakosea kwa kukunyima."

Maneno mazuri, lakini hayakuingia. Rahabu alianza kuwahi maktaba kabla jogoo hajawika, akisoma bila kuelewa, anarudia ukurasa uleule mpaka herufi zinakuwa sisimizi.

Sasa asubuhi ile ya kiti cha moto, alipokuwa ameshafungua kitabu, mtu alikohoa nyuma ya rafu. Kikohozi cha adabu, cha mtu mzima anayetaka ujue kuwa yupo.

Hapa ndipo kosa lilipofanyika, na kosa lenyewe ni la kwetu sisi wa milimani. Mtoto wetu anafundishwa kuamkia kabla hajajua kushika kijiko. Ukipita kwenye migomba ukasikia mkubwa anakohoa humo ndani, unaiamkia migomba. Ukinyamaza, habari inafika nyumbani kabla yako na fimbo inakusubiri. Mtoto wa mjini angechungulia kwanza aone ni nani. Rahabu aliinama kidogo palepale alipokaa, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba," sauti ikaitikia. Sauti ya mama wa makamo, nzito, tulivu, sauti ya mwalimu mkuu. "Marahaba, mwanangu. Haya, soma."

Rahabu alisoma. Baada ya muda ndipo alipojikaza akainuka kwenda kuangalia nyuma ya rafu. Palikuwa na ukuta wa mawe unaotoka jasho, na kati ya rafu na ukuta hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata mkono.

Angeweza kuacha kwenda. Hakuacha, kwa sababu siku ile kwa mara ya kwanza alielewa alichosoma. Kesho yake akaenda, akaamkia, ikaitikia. Sauti ilikuwa inamwelekeza kwa upole, hapa umeruka, hapa rudia, huyu jaji anasema hivi lakini anamaanisha vile. Kwenye seminari iliyofuata Daktari Stephano aliuliza swali ambalo hata wale wa Kifungilo waliinamia meza, na Rahabu akasikia pumzi ya baridi nyuma ya sikio, harufu ya utambi, na mdomo wake ukafunguka. Kiingereza kilichotoka kilikuwa kimenyooka. Darasa likageuka kumtazama. Tangu siku hiyo wakamwita kipanga, na yule wa "kilaza" akawa anamwekea kiti.

Ungedhani alifurahi. Alikuwa anakosa usingizi. Kila alama nzuri aliyopata alijua si yake, na kila aliyempongeza alimwona kama mtu anayempongeza mwizi kwa nguo aliyoiba.

"Wewe ni nani, mama?" aliuliza siku moja, akiongea kwa mnong'ono ingawa chumba kilikuwa kitupu.

"Mimi ndiye waliyemchagua," sauti ikasema. "Jina walilolisoma lilikuwa langu. Wewe uliniwahi tu mlangoni."

Na hapa mimi ndipo ninapomwonea huruma mpaka nakasirika. Jini mwongo kama majini wote, amechukua wazo la Rahabu mwenyewe akamrudishia, naye akalipokea. Hakubisha. Alishusha pumzi, kama mgonjwa aliyezungushwa hospitali nyingi halafu akatajiwa jina la ugonjwa wake.

"Basi chukua," alisema. "Mimi sikustahili."

"Nitachukua polepole. Kichwa chako ni chumba kimoja, mwanangu. Nikiingia na vyangu, vyako vitakaa wapi?"

Vikaanza kutoka. Alisahau tenzi za kanisani, beti zinakatika katikati. Alisahau iliki iliyokauka vizuri inajulikanaje ukiitikisa kiganjani, jambo alilolijua tangu hajaota meno ya pili. Aliyapuuza. Mitihani ilikuwa imekaribia, nani anaulizwa iliki kwenye mtihani wa sheria?

Kisha mama yake akapiga simu. Mama Yudith Kiswahili anakijua, lakini ni cha sokoni na cha ofisini. Akiwa na watoto wake anaongea Kishambaa, tangu wako tumboni. Rahabu aliipokea simu akiwa kwenye ngazi za maktaba, ukungu umemzunguka, akaisikia sauti ya mama yake, ileile, yenye mkwaruzo wa moshi wa jikoni, inapanda, inashuka, inauliza jambo, inasubiri jibu. Hakuelewa hata neno moja. Alibana simu sikioni, akafumba macho, akatafuta. Ilikuwa sauti tu.

"Mama," alisema, "ongea Kiswahili."

Huko jikoni sufuria likawekwa chini.

"Umeanza lini hayo?" mama akauliza kwa Kiswahili, taratibu. "Chuo kimekufundisha kutuona washamba?"

"Hapana, mama, siyo hivyo. Sikusikii."

"Unanisikia. Hutaki tu." Simu ikakatwa.

Jumapili iliyofuata, mchana, Mwanaisha alirudi bwenini kutoka sokoni na mfuko wa plamu, akasikia kabla ya kushika kitasa kwamba ndani kuna mtu mzima anasoma, mama fulani mwenye sauti nzito anayesoma sheria kwa Kiingereza kilichonyooka bila kukosea wala kupumua, akadhani wamepata mgeni, akavua viatu kwa heshima, akafungua mlango huku shikamoo iko ulimini, akamkuta Rahabu amelala chali peke yake kitandani, macho wazi yameelekea darini, mdomo wake ndio unaotoa ile sauti, na juu ya mto, kila upande wa kichwa, palikuwa na bonde kama viganja vya mtu vimekaa pale vikiushikilia uso wake kwa upole, kama unavyomshika mtoto unayetaka akutazame unaposema naye. Plamu zikamwagika. Shikamoo ile Mwanaisha aliimeza, na mpaka leo anamshukuru Mungu kwa kuimeza.

Alimsubiri aamke. Walikaa kitandani, Rahabu akamsimulia yote, wakaongea kama watu wanaoogopa kumwamsha mwenye nyumba.

"Anaitwa nani?" Mwanaisha aliuliza.

"Sijui. Namwita mama."

"Twende kwa mzee Zahoro, yule mganga wa kule juu ya soko. Mama yangu mdogo alimpeleka shangazi yake."

"Mimi Mlutheri, Mwanaisha."

"Na huyo jini alikuuliza dhehebu?"

Mzee Zahoro aliwapokea akiwa amevaa koti la mvua, hana tabasamu. Alimsikiliza Rahabu mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Nani alianza kumwamkia mwenzake?"

"Mimi."

"Akaitikia?"

"Akaitikia."

Mzee alitikisa kichwa kwa hasira. "Majini wa kelele ni kazi rahisi, unawapigia kelele wanakwenda. Huyu ni wa heshima. Hakukuvamia, wewe ndiye uliyemfanya mkubwa wako. Kila asubuhi ulikuwa unamshika miguu, na mtoto hamfukuzi mkubwa. Sasa nisikilize. Nitambana mpaka akuamkie yeye. Akikuamkia, itikia. Ukishaitikia wewe ndiye mkubwa, utamwambia toka, atatoka. Usipoitikia, mimi sina dawa nyingine."

"Neno moja tu?"

"Moja. Sema nisikie."

"Marahaba," Rahabu alisema. Ilitoka ndogo. Tangu azaliwe hakuwahi kulisema kwa mtu mzima, na hata watoto wa shule wakimwamkia njiani yeye huwajibu "hamjambo" na kupita haraka.

Mzee alifunga dirisha, akaweka bakuli la maji mbele yake, akatia ubani kwenye chetezo na kuanza kusoma, na mwanzoni hakikutokea kitu ila jasho, kisha ubani ukapoteza harufu yake na chumba chote kikanuka utambi, maji ya bakulini yakatulia mno, yakawa hayatikisiki hata mzee alipoipiga sakafu kwa kiganja, na Mwanaisha aliyekaa mlangoni akaona mgongo wa Rahabu unanyooka polepole kama wa mtu anayeketi kwenye kiti cha ofisi, akasikia kikohozi, kile cha adabu, kikitokea upande ambao hapakuwa na mtu, na mzee akazidi kusoma, anabana, anaamuru, sauti inamkauka, mpaka kitu kikagugumia kwa uchungu kama mti unaong'olewa, kikanyamaza, kikaja mbele ya Rahabu na kujishusha, kwa maana maji ya bakulini yaliinama upande wake.

"Shikamoo, Rahabu," ile sauti ikasema.

Mzee Zahoro alimtazama Rahabu. Mwanaisha alimtazama. Neno lilikuwa palepale mdomoni, hata mtoto mdogo analijua.

Lakini Rahabu alikuwa anafikiri. Alikuwa anafikiri, mimi ni nani niamkiwe na huyu? Huyu anajua sheria yote. Huyu ndiye aliyejibu, ndiye waliyempigia makofi. Nikimfukuza, Jumatatu nitasimama tena mbele ya Daktari Stephano nikiwa mimi. Na sauti ile haikumharakisha, ilikaa imejishusha hapo ikisubiri, kwa sababu ilikuwa inamjua kuliko alivyojijua mwenyewe.

"Itikia," mzee alinong'ona. "Binti, itikia."

Rahabu alifungua mdomo. Akainama kidogo, alivyofundishwa.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Mzee Zahoro alikifunika chetezo. Kisha akainua bakuli, akafungua dirisha, akayamwaga maji nje.

"Mrudishe chuoni," alimwambia Mwanaisha, bila kumtazama yule mwingine. "Atafaulu sana."

Alifaulu. Mwanaisha aliomba kuhamishwa chumba, akakubaliwa, na miaka iliyobaki walikuwa wakipishana tu. Siku ya mahafali Rahabu alitajwa wa kwanza, akapanda jukwaani ametulia, na wahadhiri wenyewe wakasimama kumpigia makofi. Daktari Stephano alikuwa akimwambia kila mtu kwamba kipaji kile alikiona mapema.

Mzee Sefania na mama Yudith walikuja kutoka Zirai, nguo za kanisani, mama amebeba iliki ya kwanza ya msimu ndani ya kitambaa. Walisimama pembeni ya uwanja, wakamwona anakuja na joho lake kati ya watu wanaompisha. Baba alikuwa analia waziwazi. Mama alimwita kwa Kishambaa, jina lile la utotoni ambalo halijui mtu mwingine. Binti hakugeuka kwa jina. Aligeuka kwa sauti, kama mtu anayesikia wageni wamefika, akawajia akitabasamu kwa upole mkubwa.

Mama Yudith alimtazama usoni kwa karibu. Kitambaa kilimponyoka, iliki zikatawanyika kwenye majani. Huyu ndiye mama aliyemchapa mtoto wake kila aliposahau kuamkia wakubwa, na magoti yake yalipinda kabla kichwa hakijaamua.

"Shikamoo," alisema mama.

Baba alicheka, akidhani mkewe anatania kwa sababu ya lile joho.

"Marahaba, mwanangu," ikaitikiwa, na mkono wa Rahabu ukamshika mama bega, ukamwinua.