Tundu Lililokataa Kukauka

Lipu ilikataa kukauka. Mambo yalianzia hapo, kwenye kitu kidogo tu, ambacho fundi mwingine angelaumu mchanga akaendelea na kazi zake.

Ilikuwa Jumamosi, na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, wiki sita tangu kijana aliyewahi kusoma hapo hapo aingie asubuhi na bunduki akaua watoto tisa wa darasa la tatu pamoja na mwalimu wao. Mwalimu mkuu alimwita fundi wa lipu azibe matundu ya risasi. "Watoto wasione hata tundu moja, fundi, nakuomba," alisema. Kufika adhuhuri yote yalikuwa yamezibwa na yamekauka, isipokuwa moja, pembeni ya ubao. Saruji yake ilibaki mbichi, yenye uvuguvugu kama ulimi.

Fundi alikuwa mbishi, si mtu wa kushindwa na ukuta. Akaikwangua, akaziba upya, akaikwangua tena. Mwishowe akagonga kwa mpini wa mwiko, ngo ngo, kama mafundi wanavyosikiliza iwapo ndani kuna uwazi. Ukuta nao ukagonga, ngo ngo. Harufu ya baruti ikajaa darasani, ile ile ya siku aliyokuja hapa mbio bila viatu, na kutoka kwenye tundu ikatoka sauti nyembamba: "Baba. Nitoe."

Jamani, sauti ya mwanawe angeikosea vipi? Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu alisema tangu anaamka mpaka usingizi umkate maneno. Siku ile walimkuta hai chini ya dawati, hana hata mchubuko, na tangu hapo hakutamka neno. Fundi angetoa macho yake yote mawili kumsikia tena.

Akakimbia nyumbani. Mkewe alikuwa uani akifua.

"Chiriku amesema kitu?"

"Angesema si mtaa mzima ungesikia vigelegele vyangu?" Kisha mkewe akashusha sauti. "Ila midomo yake imecheza, baba Chiriku. Sasa hivi tu. Kama anayekuita."

Jumapili, shangazi wa mkewe akamleta mganga, bibi mfupi, mkali, asiyependa porojo. Alipoingia darasani aliziba pua kwa ncha ya kanga na hakuugusa ukuta.

"Jini," akanong'ona. "Amefuata damu, akazoa sauti zote zilizotoka humu siku ile. Ziba tundu, mimi nisome, yaishe. Mtoto atakuwa bubu, lakini atabaki wako."

"Na nikifungua?"

"Ukifungua, hutachagua kinachotoka. Humo hawamo watoto peke yao."

"Bibi, uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Na mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Ziba, nimekwambia!"

Fundi akaitikia kwa kichwa. Aliongopa. Bibi akasoma, yeye akapakapaka saruji juu juu, na bibi alipoondoka tu akashika patasi na nyundo akaanza kuchimba, akichimba huku akilia na kumwita mwanawe, huku sauti zikisukumana ndani ya ukuta zikimjibu, nyingine za watoto aliowajua kwa baba na mama zao, akazisikia na hakuacha, mpaka tofali likapasuka na pumzi ya moto ikampiga usoni ikapita, na darasa likawa kimya kabisa. Akaziba. Safari hii saruji ilikauka mbele ya macho yake.

"Baba, mbona umejaa vumbi hivyo?"

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba. Mama yake alikuwa ameketi chini, anacheka na kulia kwa pamoja. Mtoto alisema jioni nzima, akauliza mambo mia, na fundi akamwacha aseme, machozi yakimtoka bila aibu yoyote.

Jumatatu akampeleka mwenyewe, akabaki kasimama nje ya dirisha. Mwalimu wa darasa alikuwa mgeni, ameletwa kuziba pengo la marehemu. Alikuwa amesikia habari za mtoto aliyepata sauti, akafurahi, akamwita mbele. "Haya, wasalimie wenzako."

Chiriku akafungua mdomo. Iliyotoka ni sauti ya kijana mkubwa, tulivu, isiyo na haraka.

"Kaeni kimya. Mlango nimeshaufunga."

Mwalimu akatabasamu, hajaelewa. Sauti ile hakuwahi kuisikia. Watoto walikuwa wameisikia. Bila hata mmoja kupiga kelele wakateremka chini ya madawati, wote, wakajiziba midomo kama walivyofanya siku ile, na mbele ya ubao akabaki Chiriku peke yake, amejiziba wa kwake kwa mikono miwili, akimtazama baba yake dirishani na kutikisa kichwa, na sauti ikaendelea kupenya kati ya vidole vyake, taratibu, ikiwaita kwa majina wale waliobaki.