Gari Lililokaa Kifuani

Kama una roho ya kuku, hii iache hapa hapa, nenda kaanike nguo. Kama unayo ya mtu, sogea, ila mwisho usiniulize kama nimetia chumvi. Nimetia, gunia moja tu. Yale ya kutisha sikuyagusa.

Palikuwa na fundi wa kuchomelea, watu wakimwita Cheche. Huyo mdomo wake ungeweza kuendesha jenereta. Alikuwa akisimulia kwamba aliwahi kuchomelea bawa la ndege ikiwa angani, na ukibisha anakutajia hadi rubani alikuwa amevaa shati gani. Gereji yake ilikuwa uani kwake, paa la bati, ukuta mmoja na jiko la mkewe. Alifanya kazi na shemeji yake, kaka wa pekee wa huyo mke, fundi wa kupaka rangi, mwembamba kama waya wa antena, mvi tatu kidevuni. Jina lake la kazi Msasa. Wawili hao walitaniana toka asubuhi mpaka kufunga, mke akiwasikiliza jikoni na kutikisa kichwa.

Siku moja likaletwa gari la mbio la zamani, jekundu, viti viwili, fupi kiasi kwamba kuku akitaka kupita chini yake sharti ainame. Mwenyewe alikuwa daktari wa meno mstaafu. Alitaka jambo moja tu: abadilishiwe pointi za jeki, yaani zile sehemu nne chini ya milango ambapo jeki hushika gari linapoinuliwa, maana zimeliwa na kutu. Akaweka funguo juu ya pipa akaondoka, wala hakuuliza kazi itaisha lini. Mtu mwenye akili angejiuliza. Cheche akatafuta jeki.

Akapampu. Jeki ikapanda, gari halikupanda. Kichwa cha jeki kilizama kwenye kutu kama kidole kwenye papai bovu, na kwenye lile tundu ikatoka pumzi. Sisemi upepo. Pumzi, ya moto, ndefu, yenye harufu ya kinywa cha mtu aliyelala wiki nzima.

"Shemeji, leo umekula nini?" Cheche akauliza.

"Mimi niko huku mlangoni," Msasa akajibu. "Hiyo ni ya kwako, usinibambikie."

Wakacheka, wakaliinua gari kwa magogo chini ya ekseli, grenda ya kukatia chuma ikaanza kulia.

Chini ya kila mlango wa gari kama lile linapita boksi refu la chuma, na pointi za jeki hushikiliwa na boksi hilo. Cheche alipokata kiraka cha kwanza, akakuta kiraka kingine chini yake. Akakata, kingine. Vilikuwa saba, au tuseme sitini, mimi sikuwepo na kalamu. Kila fundi aliyepita alikuwa ameweka bati lake juu ya bati la mwenzake, hakuna hata mmoja aliyethubutu kukata mpaka ndani. Cheche akakata mpaka ndani, maana kuona kazi ya mtu mwingine akaiacha ilivyo kulikuwa kunamuumiza kuliko jino.

Ndani ya boksi hapakuwa na kutu hata chembe. Palikuwa pakavu, pana joto, pasafi.

"Shemeji," Msasa akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "humu kumefagiliwa."

"Basi mfagiaji mwambie aje amsaidie dada yako."

"Sitanii. Funika, turudishe bati, tumwambie mzee tumeshindwa."

Hilo neno kushindwa ndilo lililowaponza. Cheche akapiga magoti, akaingiza mdomo kwenye lile tundu, akatangaza kwa mbwembwe kama yuko kwenye kipaza sauti: "Wewe uliyemo humo, sikia. Naweka pointi zangu mimi Cheche. Tangu leo, gari hili lisipokaa juu ya pointi hizi, likae juu ya kifua cha shemeji yangu huyu hapa."

Msasa akacheka kwa adabu. Cheche akacheka mpaka machozi. Na ndani ya boksi mtu akacheka pia, akiwa amechelewa kidogo, kama mgeni ambaye ametafsiriwa utani.

Waliangaliana. Kisha Cheche akavuta kofia ya kuchomelea usoni, akafunga boksi harakaharaka, akachomelea pointi nne mpya za chuma kinene, na lazima niseme ukweli, ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, mstari wa moto umenyooka kama mshono wa suti. Wakapaka rangi. Wakaweka stendi nne chini ya pointi nne, wakaondoa magogo, gari likatulia juu. Halikutikisika.

Alhamisi saa tano mchana, jua kali, redio inaimba, Cheche akatoa stendi na kulishusha gari taratibu kwa jeki ili mwenyewe aje alichukue. Msasa alikuwa hatua kumi mbali, anasugua bampa la gari jingine. Matairi yalipogusa sakafu, Msasa alikaa chini. Hakuanguka, alikaa, kama mtu aliyewekewa mkono begani, halafu akalazwa chali na kitu ambacho hakuna aliyekiona, na shati lake likabonyea kifuani mpaka vifungo vikazama, na mdomo ukafunguka bila sauti, na ile harufu ya kinywa kilicholala ikajaa gereji nzima.

Mkewe Cheche alitoka jikoni na sufuria mkononi. "Inua," akasema. Hakupiga kelele. "Mume wangu, inua."

Akainua. Pumzi ikamrudia Msasa kwa mlio wa mlango usiotiwa grisi.

Sasa hapa sikilizeni, maana ndipo mimi humlaumu. Fundi akiona hitilafu, hatulii mpaka aione mara ya pili. Cheche akasema moyoni labda ni kifafa, labda ni jua. Akashusha tena, kidogo tu, matairi yaguse tu. Ubavu mmoja wa Msasa ukalia, mlio mkavu, wote watatu waliusikia, na mkewe akamtazama kwa jicho ambalo hakulibadilisha tena.

Wakamwita mama mmoja mtoa majini, mfupi, miwani yake imefungwa uzi. Alifika asubuhi, akaingia chini ya gari lililoinuliwa bila woga, akaweka sikio kwenye boksi, akanong'ona, akasikiliza, akanong'ona tena. Alipotoka alikuwa amekunja shungi lake mkononi kama mtu anayeaga.

"Mimi natoa aliyeingia," akasema polepole. "Huyu hajaingia. Alikuwa kwake, amefungiwa, mkamfungulia mlango mkampa kazi."

"Nifute yale maneno," Cheche akasema. "Nilikuwa natania, mama. Mwambie nilikuwa natania."

"Nimemwambia. Anasema maneno uliyaacha humo ndani, nawe ukachomelea juu yake. Ukiyataka, kata uyatoe."

"Nitakata."

"Utakata wapi, baba? Si hapo hapo kwenye pointi zako?"

Cheche akapiga hesabu zote. Akikata, hakuna pointi. Akilichoma gari, akiliuza, akilisukuma mtoni, halikai juu ya pointi, na lisipokaa hapo linakaa kifuani.

Daktari wa meno alikuja mara moja. Alisimama getini, akaona gari liko juu, akamwona Msasa kwenye godoro ukutani, anahema. "Kumbe limepata mahali," akasema, akaondoka akitembea wepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa miaka thelathini.

Gari liko pale pale mpaka leo. Wateja wameacha kuja. Cheche hasimulii tena habari za ndege. Kila asubuhi analala chali na tochi, anapaka grisi, anapaka rangi, anafuta maji, na mvua za mwaka huu zimekuwa nyingi kiasi kwamba sakafu inatoa jasho na hata misumari ukutani imebadilika rangi.

Juzi, kwenye pointi ya nyuma kushoto, aliona uvimbe chini ya rangi, mdogo kama dengu. Akaubonyeza kwa ukucha. Ukavunjika kama ganda la yai, ukaacha unga wa kahawia kidoleni, na kule kwenye godoro Msasa akakohoa.

"Umeona nini huko chini?" mkewe akauliza kutoka mlangoni.

"Hamna kitu."

Kisha Msasa, kwa ile sauti yake iliyobaki, akauliza bila utani: "Shemeji, pointi zako hukaa miaka mingapi?"

Mtu aliyechomelea bawa la ndege angani, aliyekuwa na uongo wa kila saizi kwa kila mteja, alilala chini ya lile gari akitafuta mmoja tu, mdogo, wa kumpa shemeji yake, akaukosa.

Ndani ya boksi mtu akacheka. Safari hii hakuchelewa.