Ziwa la Constantin

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, mwaka 1953, soko la Kamalondo, mtaa wa watu weusi pembeni mwa mji wa Wazungu, lilijaa hata watu wakawa wanapita kwa kusukumana mabega. Germaine Kunda, fundi wa kushona, alikuwa amekunjua mita tatu za kitambaa cheupe cha ubatizo ili akipime, mara kiatu kikubwa chenye udongo mwekundu kikakanyaga ncha yake. Mwenye kiatu alikuwa kijana mrefu aliyeshika kofia mkononi. Suruali yake ya kaki ilikuwa imepigwa pasi vizuri, lakini magoti yote mawili yalikuwa yamechanika.

"Mama, unisamehe," alisema. "Nitakifua miye mwenyewe."

"Utakifua na nini? Hata weye mwenyewe ungali bado kufuliwa."

Watu wa karibu wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Jambo hilo lilimpendeza Germaine, kwani aliwajua wanaume wengi wasioweza kuchekwa mbele ya watu.

Jina lake lilikuwa Constantin Mwaba. Alifanya kazi na Mzungu mpima ardhi, akivuta mnyororo wa kupimia porini. Jumatatu alimletea suruali ile aitie viraka. Juma lililofuata akaleta nyingine, nzima kabisa. Germaine akaigeuza huku na huku, akamwuliza tundu liko wapi. Constantin akajibu kwamba litapatikana.

Basi wakapendana. Shida ilikuwa mahali pa kuzungumza. Germaine aliishi kwa kaka yake Casimir, fundi wa gari-moshi, na wazazi wao walikuwa wametoka kaskazini wakijenga reli. Casimir hakuwa mkali, ila nyumba ilikuwa na vyumba viwili na majirani pande zote. Ziwa la mjini lilikuwa la Wazungu; mtu mweusi alikwenda pale kufagia tu.

Ndipo Constantin akamwambia habari ya ziwa lingine. Lilikuwa juu ya mlima, upande wa Kipushi, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka kwa shangazi yake Mutale. Alikuwa amelikuta peke yake mwezi wa tatu, siku ambayo bwana wake alikuwa mgonjwa hemani. Hakumwambia, kwa kuwa lingeandikwa kwenye karte, ile ramani yao, kisha Wazungu wangeweka mlango na mlinzi.

Walikwenda Jumapili moja ya mwezi wa kumi, baada ya misa ya kwanza. Germaine alimwambia kaka yake kwamba anakwenda kumpimia mteja nguo. Alivaa robe yake, gauni la buluu lenye madoa meupe, na viatu vya turubai, akakaa nyuma ya baiskeli ya Constantin hadi kwa Mutale. Wakaacha baiskeli pale, wakapanda. Miti ilikuwa inatoa majani mapya, mekundu kama shaba, na jua lilichoma. Njiani Constantin alisimulia maua ya majini na bata. Germaine akamtania kwamba amekwisha kunywa lile ziwa kwa maneno.

Walipofika juu, hapakuwa na ziwa. Palikuwa na bonde la matope meusi yaliyokauka na kupasuka, na majani ya manjano pembeni. Constantin alitembea mpaka katikati, akapiga ardhi kwa kisigino.

"Ilikuwa hapa," alisema.

"Nani mwingine aliiona?"

"Paka miye, miye peke yangu."

Germaine aligeuka akatazama njia waliyopita. Pori lilikuwa kimya, bila moshi wa nyumba hata moja. Alizikumbuka habari za wanawake wa mtaani kuhusu wasichana waliopelekwa mbali kuonyeshwa kitu.

"Basi ulinileta huku kufanya nini?"

Constantin alielewa swali lile lilibeba nini. Alikunja uso. Alivaa kofia.

"Turudi," alisema.

Alitangulia hatua ishirini mbele. Kwa Mutale walikula bukari, ugali wa kule, kisha wakachukua baiskeli. Kamalondo alimshusha, akamwambia, "Bonsoir, Mama Germaine," kama mtu anavyomuaga fundi wake. Hakuja tena.

Mvua zikaanza. Germaine alisikia kwamba Constantin amekwenda na wapimaji upande wa Lufira. Kwanza alimkasirikia kwa safari ile, halafu kwa kunyamaza kwake. Ilipofika Noeli hakujua tena anamkasirikia nani.

Mwezi wa pili Mutale alikuja mjini kuuza uyoga, akapita kumsalimu. Alilalamika kwamba njia ya mashamba yake imekuwa tope tupu, kwa sababu maji ya kule mlimani yamefurika. Germaine akasimamisha mashini ya kushona. Akamwuliza ni maji gani.

"Ile maji ya juu," Mutale alisema. "Kila mwaka inakuja, kila mwaka inaenda. Constantin hakujua? Eh, ule ni mutoto wa muji."

Jioni ile Germaine alimweleza Casimir yote, hata uongo wake. Casimir aliinuka, akamletea koti lake la mvua la kazini.

Jumapili alipanda peke yake. Ziwa lilijaa bonde zima, la rangi ya chai pembeni na la mbingu katikati. Maua ya majini yalikuwapo. Bata walikuwa wawili. Alivua viatu, akakunja kikwembe chake cha kiunoni, akaingia mpaka magotini. Aliona haya kwa lile swali alilomwuliza Constantin, pole pole, kama maji yalivyompanda miguuni.

Constantin alirudi mwezi wa nne. Germaine alimfuata alikopanga, mchana, akamkuta uani akipaka mafuta mnyororo wa baiskeli.

"Nilifika kule ku maji," alimwambia. "Iko."

Constantin hakuinua kichwa. "Na kama ungekuta mukavu tena?"

Germaine alikuwa ametunga maneno njia nzima. Aliyaacha.

"Singekuja hapa," alisema. "Nisikudanganye. Ningebaki na ile mawazo mubaya mpaka leo. Lakini siombi pardon juu ya maji. Ninaomba musamaha juu ya kukuuliza neno ile, na nilikuwa nakujua weye ni mutu gani."

Constantin alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu. Alisema kwamba na yeye siku ile alikuwa na jibu mdomoni, akamnyima makusudi, ili Germaine ndiye abembeleze. Huko Lufira aliiambia miti tu jibu lile.

"Siku ile nilitaka kukuomba tuoane," alisema. "Nilitafuta fasi, pahali hakuna mutu wa kusikiliza."

Mlangoni mke wa mwenye nyumba alikuwa ameacha kumenya mihogo. Jirani naye alisimama ukutani na ndoo tupu.

"Uniombe hapa," Germaine alisema.

Constantin aliwatazama wale mama wawili, akasimama wima, akaomba. Germaine akakubali. Mwenye ndoo aliwapongeza kwanza, ndipo akaenda kuchota maji yake.